Msitu wa kale bila kuumiza magoti: Gede, Sokoke, Jozani, Kinondo au Amani?

Watu wakitaka kumpeleka mama mkwe, mtoto wa miaka minne au jamaa anayetumia mkongojo kuona msitu wa asili, huuliza kwanza njia ina urefu gani. Waanze kwa kuuliza watakanyaga nini. Kilomita mbili za udongo ulioshindiliwa mzee wa miaka sabini na tano huzimaliza huku anapiga soga. Mita mia tatu za mchanga mweupe au tumbawe lililochongoka zinaweza kumrudisha garini akiwa amenuna.

Kwa hiyo tunailinganisha misitu mitano ya pwani na milima ya karibu yake kwa kuanza na ardhi inayokanyagwa: mitatu ya Kenya (Gede, Arabuko-Sokoke na Kaya Kinondo) na miwili ya Tanzania (Jozani na Amani). Karura, msitu wa Nairobi, tumeiacha makusudi. Kwa wepesi wa njia inaizidi yote hii, na makutano yake yamewekewa namba hata mgeni hapotei, ila sehemu yake kubwa ni miti ya kupandwa. Mkazi wa Nairobi anayetaka kunyoosha miguu tu aende huko, na makala haya hayamhusu.

Gede: rahisi kuliko yote, kwa sharti moja

Kwa haki, msitu wa Gede ni mdogo kiumri. Umeota juu ya mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na miti imepanda juu ya kuta za msikiti, ikulu na nyumba za matajiri. Mizizi imeshika mawe, mibuyu imesimama palipokuwa na vyumba, na kaburi moja bado lina tarehe yake iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Anayetaka mti ambao haukuwahi kuona shoka atauona Sokoke, si hapa. Lakini kwa mtu asiyeweza kwenda mbali, hakuna mahali pwani panapotoa kivuli, ndege, kima na historia ndani ya eneo dogo namna hii.

Ardhi ni tambarare na njia kuu zimekanyagwa na wageni kwa miaka mingi, kwa hiyo udongo umekaza. Tatizo ni majani makavu yanayofunika mizizi: mguu unaoburuzwa kidogo, kama wa aliyewahi kupata kiharusi, hunasa hapo. Mtu mmoja atangulie akisukuma majani kwa fimbo.

Sharti lenyewe ni hili: baki njiani, usilazimishe kuingia kila nyumba. Milango ya Gede ina vizingiti, vyumba ni vyembamba, na nyua nyingi zilijengwa chini kuliko sakafu, ikabidi kushuka ngazi za mawe zilizolika. Mwenye mkongojo ataviona vizuri kutoka nje. Wala usimkalishe mgonjwa juu ya ukuta wa magofu ili apumzike. Chokaa ya kale hubomoka na mlinzi ana haki ya kukufokea. Beba kiti cha kukunja. Saa moja na nusu inatosha kwa mwendo wa pole.

Kima wa Gede wamezoea watu mno. Mfuko wa plastiki unaochakarika mkononi mwa mtoto ni mwaliko, na kima akishaurukia mtoto huanguka. Chakula kibaki garini.

Arabuko-Sokoke: tambarare isiyo nyepesi

Hatua chache kutoka Gede, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, unaanza msitu mkubwa kuliko yote ya pwani uliobaki Afrika Mashariki kwa kipande kimoja, kilomita za mraba zipatazo 420. Kwenye ramani hauna mlima wa kutisha, na hapo ndipo watu hukosea. Ndani yake kuna ardhi tatu, na kila moja ina miti yake na tabia yake ya kumtesa au kumpumzisha mtembeaji.

Upande wa mashariki, karibu na ofisi ya msitu, ni msitu mchanganyiko wenye mbambakofi, msandarusi na aina nyingine nyingi. Njia ina kivuli kizito na udongo wa kichanga ulioshikana na majani yaliyooza. Hapa ndipo pa kutembeza mzee. Hapa pia ndipo pa kumtafuta sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu na uzito wa kama nusu kilo, ambaye karibu wote waliosalia duniani wako msitu huu na vichaka vya jirani. Ukisikia majani yanapigwa haraka haraka kama vidole juu ya meza, simama. Sange hukimbia kidogo kisha husimama kukutazama.

Katikati ni ukanda wa mirihi juu ya mchanga mweupe. Ni mzuri kwa macho: miti imeachana, mwanga unashuka, ndege wanaonekana bila kuinua shingo sana, na kwerea wa Clarke, ambaye hapatikani nje ya Kaunti ya Kilifi, hupita kwa makundi. Ila mchanga wenyewe hula nguvu. Kipimo rahisi: bonyeza kisigino chini kwa uzito wako wote. Kikizama zaidi ya upana wa vidole viwili, mwendo wa mzee utapungua kwa nusu na kitimwendo hakitapita.

Magharibi ni udongo mwekundu na vichaka vya mfunda. Huko ndiko aliko bundi mdogo wa Sokoke, na kumwona mchana humlazimu mwongozaji kuingia kichakani, kuinama chini ya matawi na kupita miibani. Usikubali kuuziwa hilo kama matembezi mepesi.

Faida kubwa ya Sokoke kwa wasio na nguvu ni gari. Njia za magari zinapita ndani, kwa hiyo unaweza kutembea mita mia tano za kivuli, ukapanda gari, ukashuka tena kwenye mirihi kwa dakika kumi, ukarudi. Hakuna msitu mwingine kati ya hii unaoruhusu kuugawa mwendo namna hiyo, ukiondoa Amani. Gari liwe la juu kidogo; saluni hunasa kwenye mchanga na kisha wote mnageuka wasukumaji.

Mwongozaji ni lazima hata kama unaijua njia. Ndani kuna tembo, na tembo wa msituni huwaoni hadi mko karibu nao. Mtu asiyeweza kurudi nyuma haraka hapaswi kuwa ndani baada ya saa kumi na moja jioni.

Baada ya msitu wengi huvuka kwenda Mida, mkono wa bahari ulio jirani, kutembea juu ya daraja la mbao kati ya mikoko. Linapendeza, lakini linaning'inia na kutikisika. Mwenye kizunguzungu au anayeogopa kuanguka abaki mwanzoni.

Jozani: watoto kwanza

Jozani iko kusini mashariki mwa mji wa Unguja, kama kilomita 35, na tangu 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Daladala za Jambiani (309) na Makunduchi (310) hupita langoni, jambo linalowafaa wasio na gari. Ngazi ya daladala ni ya juu. Mwenye nyonga mbovu atachoka hapo kabla hajauona mti.

Usiichukue kama njia moja. Ni vipande vitatu, na unaweza kuchagua kimoja tu bila aibu.

Cha kwanza, kusini mwa barabara, ni mahali pa kima punju. Mwendo ni mfupi, vichaka ni vya chini, na wanyama wenyewe huja karibu kiasi kwamba mtoto hahitaji darubini. Ni kima wasiopatikana kiasili nje ya Zanzibar. Hula majani ya miembe na mikungu yenye kemikali nzito, kisha wengine hutafuna makaa ya mkaa, ambayo watafiti wanaeleza kuwa hunyonya sumu hiyo tumboni. Kaa umbali wa mita tatu au zaidi, usiwalishe, na mwenye mafua abaki nyuma, kwa sababu magonjwa yetu huwapata. Matuta ya barabarani hapo yaliwekwa kwa ajili yao baada ya wengi kugongwa. Mshike mtoto mkono mnapovuka.

Cha pili ni msitu mkubwa wenyewe. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso, ndiyo maana mitondoo na michikichi imenenepa hivyo. Ardhi ni nyeusi na laini, na mizizi imetambaa juu kwa kuwa haina haja ya kwenda chini. Kiangazi, dakika arobaini na tano kwa mwendo wa kawaida. Masika sehemu hujaa maji kabisa, na hata yakishapungua mizizi huwa na utelezi. Mwenye kiungo bandia au balansi mbovu aruke kipande hiki kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni.

Cha tatu ni njia ya mbao ya Pete, kama kilomita moja kutoka langoni, ndani ya mikoko, michu na mikandaa. Ndiyo njia laini kuliko zote tunazozitaja, mbao zikiwa nzima. Mbao za mikokoni haziwi nzima muda mrefu: chumvi hula misumari, unyevu huozesha ncha, na kivuli huleta ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Ukiuliza langoni "njia ni nzuri?" utajibiwa ndiyo. Uliza "mbao ngapi zimetoka leo, na ziko wapi?" Hapo utapata jibu la kweli.

Tazama na maji. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na alasiri, kwa hiyo ziara ya asubuhi itakuta matope, kaa na mizizi ya mkoko iliyo wazi. Watoto hufurahia hayo. Anayetaka kuona samaki wakiogelea kati ya mizizi aje maji yakiwa yamejaa.

Kaya Kinondo: fupi, lakini si laini

Kinondo, kusini mwa Diani, ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo yenye ukubwa wa takribani hekta 30, na ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wageni walianza kupokelewa mwaka 2001. Mwendo ni wa kama saa moja, na ndiyo sababu watu wengi huuweka kwenye orodha ya "rahisi". Sisi tungeuweka kati kati.

Sababu ni tumbawe. Msitu umeota juu ya jiwe la bahari la kale, lenye matundu na ncha, na udongo ni utando mwembamba juu yake. Vifundo vya miguu hupata kazi kuliko magoti. Ndara hazifai, na raba za soli nyembamba utazihisi kila hatua; vaa kiatu kinachoshika kifundo. Jiwe lililolowa chini ya kivuli huota ukungu na huteleza. Gari haliingii, kwa hiyo anayechoka katikati lazima arudi kwa miguu yake au ya wenzake. Kitimwendo hapana.

Lakini kwa mzee anayetembea vizuri polepole na anayependa kusikiliza kuliko kuangalia, Kinondo inaipita misitu mingine yote. Mwongozaji ni mwenyeji, mti mmoja una dawa, jina na hadithi, na kusimama mara kwa mara ni sehemu ya ziara yenyewe. Huombi radhi kwa kupumzika.

Utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Mwenye mkongojo aombe ifungwe juu ya kifundo cha mguu, maana ikiburuzwa ncha ya fimbo huikanyaga. Kofia huvuliwa, wapenzi hawabusiani, na hakuna kinachotolewa nje, hata jani wala kijiwe kwenye mfuko wa mtoto. Mkague mtoto kabla hajatoka. Hapa ni mahali pa ibada kabla ya kuwa pa utalii, kwa hiyo ulizia siku moja mbele kama wageni wanapokelewa.

Amani: tembea barabarani

Hifadhi ya Asili ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ilitangazwa 1997, lakini wataalamu walikuwa huko tangu Wajerumani walipoanzisha kituo na bustani ya mimea mwaka 1902. Kutoka Muheza hadi lango la Sigi ni kilomita kama 25, kisha barabara hupanda kilomita kama kumi hadi Amani yenyewe, kwenye mwinuko wa takribani mita 900.

Kosa la kawaida ni kushuka garini Sigi, kuona mto na miti mirefu, na kuanza njia ya kupanda kwa sababu ni ya kwanza kuonekana. Vijia vya Amani vina miteremko ya udongo mwekundu. Kupanda huchosha moyo, ila kuteremka ndiko kunakoumiza magoti, na kwenye njia ya kwenda na kurudi huwezi kukwepa.

Badala yake acha gari lipande hadi juu, kisha mtembee kwenye barabara ya gari inayopita kati ya majengo ya kituo, bustani na msitu, kuelekea upande wa Kwamkoro. Mwinuko ni mdogo, upana unatosha watu watatu kutembea wameshikana mikono, na magari ni machache. Mbega huonekana juu ya matawi kutoka barabarani. Hewa ya baridi humpa nguvu mzee ambaye pwani angechoka saa tatu asubuhi. Kwa mwenye presha au uzito mkubwa, hilo peke yake linatosha kuichagua Amani juu ya Jozani.

Kuna unachokikosa. Yale maua madogo ya zambarau yanayofugwa madirishani Ulaya, ambayo mbegu zake zilipelekwa kutoka Usambara mwaka 1892, huota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito. Kutoka barabarani huyaoni.

Kitimwendo kati ya miti

Usitegemee kwamba njia yoyote kati ya hizi ilipimwa kwa ajili ya magurudumu. Kwa mpangilio wa uwezekano tungeanza na barabara ya Amani, ikifuatiwa na njia kuu za Gede, kisha mbao za Pete siku ambayo zimekamilika. Mirihi ya Sokoke itazamwe kutoka garini.

Pima kiti chako kabla ya kuondoka nyumbani, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi mwingine. Vingi huwa kati ya sentimita 60 na 70, na utahitaji angalau kumi zaidi ili vidole visikwaruzwe. Vigurudumu vidogo vya mbele ndivyo vinavyozama. Ukifika kwenye mchanga geuza kiti ukivute kinyumenyume, gurudumu kubwa litangulie. Kama matairi ni ya upepo, punguza kidogo na ubebe pampu. Nenda na wasukumaji wawili, si mmoja. Kigari cha mtoto mchanga acha nyumbani. Kanga mgongoni inapita kila mahali.

Wanaouma na wanaowasha

Siafu hutoka zaidi baada ya mvua. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, na msafara mweusi ukikatiza njia usisimame kuutazama karibu. Upupu huwasha zaidi kiangazi, maganda yakikauka: ukikugusa usikune, paka matope, yaache yakauke, yabandue pamoja na manyoya.

Mbung'o wapo Sokoke, na huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea, kwa hiyo vaa kaki au kijivu. Unguja hawapo tena: waliangamizwa kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997. Mwenye ngozi inayovimba akiumwa ana sababu moja zaidi ya kuchagua Jozani.

Maji lita moja kwa kila mtu kwa saa mbili, hata kama mzee anasema hana kiu. Choo tumieni cha langoni. Beba simu yenye pesa ndani. Usiende na noti pekee.

Mwezi gani, saa ngapi

Mvua haiharibu misitu yote sawa. Mvua inayogeuza barabara ya Muheza kuwa utelezi na kujaza maji Jozani ndiyo inayokaza mchanga wa Sokoke. Kwa hiyo Novemba, kati ya manyunyu ya vuli, mirihi hutembeka kuliko Februari, mchanga ukiwa mkavu na jua limesimama. Januari na Februari zipe Gede na Jozani. Julai hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, zinafaa zote, Amani ikiwa na baridi ya sweta asubuhi. Aprili na Mei kaa Gede, au usubiri.

Anzeni saa moja asubuhi, mmalize saa tatu na nusu. Kima punju hulala lala mchana wa joto, sange hujificha, na mzee aliyeamka mapema huwa na nguvu zake zote. Walio Magharibi mwa Kenya, ambao pwani ni mbali, waangalie Kakamega upande wa Isecheno: njia ni tambarare na miti ni mikubwa kweli, ila mvua huko hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo saa sita mchana muwe mmeshafika garini.